Ile mizinga miwili ya Fort Jesus si ya kupigia selfi tu

Wageni wengi wakiingia Fort Jesus hapa Mombasa wanakimbilia juu ukutani kuangalia bahari, ile mizinga miwili ya vita vya 1914 wanaipita hivi hivi au watoto wanaipanda wapigwe picha. Sisi wa makumbusho tumeshazoea. Lakini hebu simama kidogo, mmoja umetoka manowari ya Mwingereza, Pegasus, na mwingine umetoka Königsberg ya Mjerumani, yani ile iliyoizamisha Pegasus, na leo mizinga hiyo iko uwanja mmoja kama majirani.

Ilikuwa tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, bandari ya Unguja. Pegasus imetia nanga, mitambo imefunguliwa na boila zinasafishwa, kwa hiyo hata wakitaka kukimbia hawana mvuke wa kukimbilia, na Königsberg ikatokea ikaanza kupiga kutoka mbali kabisa. Sasa chungulia midomo ya hiyo mizinga, wa Pegasus ni inchi 4, wa Königsberg ni milimita 105, karibu sawa, ukitazama kwa macho huwezi kujua nani atashinda. Tofauti ni kwamba wa Mjerumani ulikuwa wa kisasa zaidi, kombora lake zito na linafika mbali. Ya Pegasus yalikuwa yanaanguka majini kabla ya kumfikia adui, hawakukosa shabaha bana, hawakufika tu. Wakafa mabaharia 38, na meli yenyewe ikazama siku hiyo hiyo.

Waliokufa wengi wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe ambacho watu wanakichanganya na Changuu. Ukishuka boti unatembea chini ya miti, paa wadogo wanakukimbia, halafu unayakuta makaburi, ya Pegasus pamoja na ya mabaharia wa zamani zaidi waliokuwa wakifukuza majahazi ya watumwa. Mimi kwangu hapo ndipo penyewe hasa, kuliko mnara wowote.

Wenzetu wa Sydney kule Australia wamesimamisha mlingoti wa manowari yao ya vita hivyo hivyo, nayo ikiitwa Sydney, pale Bradleys Head, ukingoni mwa maji, na manowari ikipita hapo inatoa heshima. Sisi hatuna utaratibu huo, tuna vyuma na makaburi na kila kimoja kiko bandari yake.

Königsberg yenyewe ilirudi kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, makaa ya mawe shida, Waingereza wamefunga milango ya mto, mpaka tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa na Waingereza, halafu mabaharia wake wenyewe wakailipua. Mizinga yake 10 ikaopolewa ikaenda kupigana nchi kavu, ikavutwa na watu wetu, kwenye matope na jua, na majina ya hao wavutaji sijaona jiwe hata moja limeyaandika. Mwingine mmoja uko Pretoria mpaka leo.

Ukimaliza mizinga pita ndani uangalie vitu vya Santo António de Tanna, fregata, yani meli ya kivita, ya Wareno iliyozama 1697 hapo chini ya ngome wakati Waomani wameizingira, ilichimbuliwa chini ya maji kuanzia 1977. Na njoo asubuhi, saa saba mchana hicho chuma huwezi kukigusa.