"Huku Mbeya kujenga bei chee": tunayodanganyana na tunayokutana nayo saiti

Kila nikishuka Dar kwa msiba au harusi lazima nipate mtu wa kuniambia nyie wa Mbeya mna raha, saruji inatoka hapo Songwe, mbao ziko Mafinga, tofali mnachoma wenyewe nyuma ya nyumba, mnashindwaje kujenga? Zamani nilikuwa nacheka tu. Sasa nimejenga, mwaka wa nne huu niko Isyesye na veranda bado haina tailizi, kucheka kwenyewe kumeniisha. Haya maneno ninayoyataja hapa mengi niliyaamini mimi mwenyewe kabla sijaanza.

"Tofali za kuchoma ni nafuu kuliko bloku za saruji." Moja kwa moja ndio, ukilinganisha bei ya moja moja bloku imeachwa mbali. Ila wewe hujengi tofali moja, unajenga ukuta. Mita mraba moja ya ukuta inakula bloku kama 10, hizi ndogo za kuchoma zikipangwa mstari mmoja zinafika 50 na zaidi, sasa hesabu hapo viungo viko vingapi na kila kiungo kinataka saruji na mchanga. Halafu zimefyatuliwa kwa mkono, zimepinda, fundi anajaza mchanganyiko mnene wa saruji na mchanga ili kozi, yaani mstari wa tofali, iende sawa, na ukija kwenye plasta unakuta ukuta una mabonde unaanza kuyafukia kwa saruji. Mimi mifuko ya plasta ilinitoa jasho kuliko ya msingi. Sisemi uziache, nyumba yangu ni ya kuchoma na sijutii, nasema piga hesabu ya ukuta uliokamilika.

Na si kila iliyotoka kwenye tanuru imeiva. Za katikati zinapata moto vizuri, za pembeni kule nje zinabaki nusu mbichi, muuzaji anazichanganya anakupakilia tripu unaona nyekundu nyekundu unafurahi. Chukua mbili zigonganishe, zikilia kama kengele hizo zimeiva, zikitoa sauti ya kufa kaa nazo mbali. Au tumbukiza moja kwenye ndoo ya maji ilale humo, asubuhi uone kama bado ni tofali au imeshakuwa uji. Mimi sikufanya hivyo, nilinunua mwezi wa nane jua linawaka nikazipanga vizuri, mvua ya mwezi wa kumi na moja ilivyofunguka zile za chini zilikuwa zinamong'onyoka kama sukari guru, mke wangu akaniambia baba fulani si bora hata ungekula hiyo hela.

Hii ya pili ndio inayoniuma zaidi kwa sababu naisikia hata kwa mafundi wakubwa: "Huku kuna baridi, zege halihitaji kumwagiliwa." Jamani. Watu wanadhani zege linakauka kama nguo kwenye kamba. Zege halikauki, linashika, saruji na maji vinafanya kazi pamoja na maji yakiisha kabla kazi haijaisha ndio basi, utabaki na kitu kigumu kwa macho lakini ukikwangua na msumari kinatoa unga. Wiki moja ya kwanza mwagilia, funika na magunia au nailoni, na lile upepo la mwezi wa saba la huku linanyonya maji kuliko hata jua. Tena baridi inaongeza shida nyingine, linashika polepole kuliko la Dar, kwa hiyo ile tabia ya kung'oa mbao zinazoshikilia zege la lenta, lile la juu ya milango na madirisha, siku ya nne kwa sababu fundi anazitaka saiti nyingine, mwezi wa sita na wa saba usikubali kabisa. Nguvu yake ile ya kwenye vipimo inahesabiwa kwa siku 28, si siku mbili tatu.

Mkanda wa juu, lile zege lenye nondo linalozunguka kuta zote, nao watu wanauruka, "nyumba ya chini ya nini kuweka nondo, hili ghorofa?" Sisi tumekaa juu ya bonde la ufa ndugu zangu, hii milima ya Rungwe haikutokea hivi hivi. Mwaka 1910 tetemeko la Rukwa lilikuwa kati ya makubwa kabisa kuwahi kutokea Afrika Mashariki, na mwaka 2009 mwishoni Karonga, Malawi, hapo ng'ambo ya Kyela, nyumba ziliangushwa na tetemeko. Mkanda ndio unafunga kuta zote zitembee pamoja. Usiuruke.

Bati sasa. Mtu anaingia dukani anasikia geji 28 na geji 30, anachukua 30 akijua amechukua kubwa. Ni kinyume! Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, 28 ni nene kuliko 30, na 32 hiyo hata ukilikanyaga kwa bahati mbaya linabaki na alama ya kiatu. Kwa mtu wa Tukuyu ambako mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000 mimi ningebana kwingine kote lakini si kwenye bati, na ningetoa paa nje kidogo ili maji yasipige ukuta.

"Mbao hazina shida, Mafinga si hapo." Hapo ndio, lakini paina iliyokatwa changa ikapauliwa bado mbichi inajikunja ikiwa juu, unaamka asubuhi unaona paa lina wimbi, misumari inatoka, na kama haina dawa wadudu wanaanza sherehe. Nunua za dawa, zipange kivulini zikiwa na nafasi katikati hewa ipite, zikae wiki kadhaa. Faida ya kuwa karibu na msitu ni kwamba unaweza kuchagua, sasa mtu yuko karibu na bado anabeba yoyote.

Upande wa hela dhana mama ni kwamba ukishapaua umemaliza. Boma na bati ndio vinaonekana, majirani wanakupongeza, wewe mwenyewe unaanza kutembea kifua mbele. Kumbe hapo kwangu mimi ilikuwa chini kidogo ya nusu ya hela yote. Milango, madirisha, grili, waya, mabomba, plasta ndani na nje, silingi, sakafu, rangi, shimo la choo, hivi vitu kimoja kimoja vinaonekana vidogo vyote kwa pamoja vinakumaliza. Ndio maana mtaa mzima una maboma yenye bati na nyasi zimeota sebuleni. Na wengi wakifika hapo ndio wanakimbilia mikopo ya kausha damu, marejesho kila wiki, nyumba haijaanza kukulipa hata senti. Kama una kikundi au SACCOS yenye riba ya kueleweka kopa kwa hatua moja unayoweza kuimaliza, kwa mfano kupaua, usikope kwa "kuendeleza".

Kununua vifaa kidogo kidogo kunasaidia, hiyo si uongo, nondo na bati zikitunzwa pakavu hazina neno. Saruji ndio usijaribu, ikikaa miezi mitatu nguvu inapungua na kwa unyevunyevu wa huku ukiilaza chini sakafuni inaganda mabonge.

Kiwanja nilitakiwa kuanza nacho ila ndio hivyo. Karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana, haikufanyi kuwa na hati. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uombe kuona mchoro wa mipango miji, unaweza ukakuta pale unapotaka kuweka sebule pamechorwa barabara au shule. Kwa barabara kuu hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na sisi ambao TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, inapita mlangoni na inapanuliwa tunajua alama ya X nyekundu inauma vipi. Mtoni acha mita 60, sheria ya mazingira ya 2004 ndio inasema hivyo, hata kama aliyekuuzia analima mchicha hadi kwenye maji. Na kama anayeuza ana mwenza na hapo ndipo wanapoishi, mwenza naye akubali kwa maandishi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda.

Iringa kuna la kwao. Kiwanja cha mlimani kinauzwa rahisi, unaona mji wote chini, mandhari safi, unanunua. Msingi sasa. Upande mmoja unatoka chini kozi tatu upande mwingine kozi kumi na moja, kifusi cha kujaza lori hadi lori, na mwamba ukitokea katikati hakuna jembe litakalousikiliza. Aliyelipia tambarare ghali mara nyingi ameshahamia wewe bado unajaza kifusi.

Kuunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000 ni kwa vijijini, mjini ni laki tatu na ushee na hiyo ni kama uko karibu na hauhitaji nguzo.

Shemeji yangu mmoja wa Dar kapiga simu juzi, kaona kiwanja Uyole kwenye picha, kinang'aa, anataka kutuma hela kesho. Nimemwambia shem tulia, panda basi mwezi wa tatu mvua ikiwa imekolea, vaa buti, twende tukakione kikiwa na maji yake.