Katika RDFLib, kuongeza si kubadilisha

RDFLib ni maktaba ya Python ya kushughulikia data ya RDF, yaani data iliyoandikwa kama kauli fupi. Wengi wanaotoka kwenye kamusi za Python (dict) hudhani g.add(), ambapo g ni grafu yako, hufuta thamani ya zamani na kuweka mpya. Sivyo. Grafu ya RDF ni seti ya kauli, kila moja ikiwa na kiima, kiarifu na shamirisho, na kiima kimoja kinaruhusiwa kuwa na mashamirisho mengi kwa kiarifu kilekile.

Chukua mji mkuu wa Kazakhstan, ulioitwa Nur-Sultan tangu 2019 hadi jina la Astana liliporudishwa 2022. Ukiongeza "Astana" kwa g.add(), "Nur-Sultan" bado lipo. Baya zaidi, g.value(), inayosoma thamani, kwa kawaida hukupa mojawapo bila kulalamika, kwa hiyo kosa linaweza kujificha muda mrefu. Tumia g.set(): huondoa kwanza kauli zote zenye kiima na kiarifu hicho. Zote, kwa hiyo usiiguse pale jina lina tafsiri za lugha kadhaa.

Kurudia kauli ileile hakuongezi kitu. Ila angalia thamani unazotengeneza kwa Literal: Literal("2022") ni matini na Literal(2022) ni namba, hivyo zitakaa kama kauli mbili tofauti.