Nanotyubu za kaboni: tazama shina kabla ya ncha

Wengi wanaozitaka nanotyubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya kaboni, kama chanzo cha elektroni huanza kuuliza habari za ncha. Wana sababu. Kung'oa elektroni kwenye kaboni isiyopashwa moto kunahitaji uga wa umeme wa volti kadhaa kwa kila nanomita. Nanotyubu, kwa kuwa ni ndefu na nyembamba mno, huukuza uga kwenye ncha yake mara elfu na zaidi, kwa hiyo volti chache kwa kila maikromita zinatosha. Wanafizikia Fowler na Nordheim walikwisha kueleza mwaka 1928 jinsi elektroni zinavyopenya kizuizi kinachozishikilia ndani ya kitu.

Mimi huanza na shina. Kila elektroni inayoruka nchani lazima iwe imeingilia chini. Mguso wa nanotyubu na metali ukiwa hafifu, shina hupata moto, nanotyubu hung'oka, na ndani ya ombwe huweza kuzuka cheche inayoharibu na majirani zake.

Ndiyo maana napenda kuziotesha moja kwa moja juu ya metali, ingawa kazi yenyewe ni ngumu. Kwenye silikoni watu hutandika oksidi ya alumini, kisha utando wa chuma wa nanomita moja au mbili kama kichocheo cha kuziotesha, na msitu wa nanotyubu unasimama wima. Lakini oksidi hiyo ni kihami, haipitishi umeme. Ukiiondoa, kwenye joto la nyuzi 700 hivi metali nyingi hukinywa kichocheo kabla hakijagawanyika kuwa chembechembe. Nitridi ya titani husaidia, kwa sababu inazuia kichocheo kisinywewe na bado inapitisha umeme.

Chuma cha pua kina njia yake: kina chuma na nikeli tayari. Kipashe moto hewani mpaka uso ugeuke rangi ya majani makavu au buluu, kisha pitisha haidrojeni. Uso hukwaruzika na chembe za kichocheo hujitokeza zenyewe. Hapo ndipo ninapoleta asetilini, gesi inayotoa kaboni ya kuoteshea nanotyubu.

Msitu uliosongamana sana haufai, kwani nanotyubu huzibiana uga; nafasi iwe takriban mara mbili ya urefu wake. Kisha bandika selotepu na uivute. Weusi wote wa nanotyubu ukitoka nayo na metali ikabaki inang'aa, usijisumbue kuiweka kwenye ombwe. Nanotyubu zikishika, chora grafu ya Fowler na Nordheim, inayolinganisha mkondo na volti kwa namna ambayo mstari hutarajiwa kunyooka: ukianza kupinda mkondo unapopanda, shuku mguso wa shina kwanza.