Si Wanaokoa Nauli?

Wiki jana bosi mmoja wa Upper Hill, Nairobi, aliniuliza, "Hawa wafanyakazi wangu wa nyumbani wanalalamikia nini? Si wanaokoa nauli?" Kwanza nilidhani anamsema yaya wake, kumbe ni watu wake wa ofisini wanaofanyia kazi nyumbani.

Hiyo nauli naisikia tangu Machi 2020, serikali ilipowataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Kazi yangu ni kuandika mikataba ya ajira, kwa hiyo niwaambie: korona haikuhamisha kazi peke yake, ilihamisha na bili zake.

Njooni mtaani Pipeline. Kuna dada anapokea simu za wateja katika chumba kimoja, laptopu iko juu ya meza ya kupigia pasi. Saa tano asubuhi mita inaanza kulia. Ananunua tokeni za shilingi mia, anapiga magoti, anabonyeza tarakimu 20 moja moja, huku akimbembeleza mteja: "Samahani, subiri kidogo tu." Ofisini hakuwahi kununua stima. Wala intaneti, wala kiti. Bosi wake naye amerudisha ghorofa nzima kwa mwenye jengo, na kodi aliyookoa haijafika Pipeline hata shilingi.

Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mahali pa kazi paandikwe kwenye mkataba. Pakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba, amjulishe kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wa "kuanzia kesho kila mtu akae kwake" si mashauriano. Najua, kwa sababu kadhaa niliziandika mimi mwenyewe. Kafyu ilikuwa inakuja na hakuna aliyekuwa na muda wa kubishana.

Kinachonisumbua ni WIBA, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Fidia ni ya ajali iliyotokana na kazi, mtu akiwa kazini. Sasa, akiteleza jikoni akifuata chai kati ya mikutano miwili? Nimewahi kuwajibu wateja wawili majibu mawili tofauti, na yote bado nayaona yana mantiki.

Kwa vyovyote, nilimwandikia yule bosi kifungu kipya: posho ya stima na intaneti, kila mwezi. Akakisoma mara mbili, akavua miwani.

"Sawa," akasema. "Lakini nauli tunaitoa kwanza, ama?"