Mizani ya uzito mwepesi na maji yanayopotea mwilini

Katika MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka, uzito mwepesi unaishia ratili 155, yaani kilo 70.3. Kwenye ngumi za kulipwa daraja lenye jina hilohilo linaishia kilo 61.2. Lakini hata hizo 70.3 ni za saa chache tu. UFC, shirika kubwa la MMA la Marekani, hupima asubuhi ya siku moja kabla ya pambano, na mpiganaji mwenye kilo 80 akiwa mtaani ana zaidi ya saa ishirini na nne za kula na kunywa hadi karibu arudie hali yake.

Wiki za mwanzo hupunguza chakula, na hapo hatuna ugomvi naye. Shida iko siku mbili za mwisho: chumba cha mvuke, nguo za plastiki, maji ya moto, koo kavu. Mafuta hayayeyuki kwa siku mbili, kwa hiyo kinachopungua ni maji. Damu hupungua ujazo, moyo hukimbia kufidia, figo hukosa damu ya kutosha, na jasho likikata joto la mwili hupanda bila breki.

Desemba 2015, Yang Jian Bing wa China, kijana wa miaka 21, alifariki Manila akishusha uzito kwa ajili ya pambano la ONE, shirika la MMA la Asia. Shirika hilo likaanza kupima mkojo pamoja na uzito ili kumnasa aliyekauka, na uzito mwepesi wake sasa ni kilo 77.1. Kwa maoni yangu ndiyo hatua ya maana zaidi iliyochukuliwa katika mchezo huu. Kwingine mambo yaliendelea: Machi 2017 Khabib Nurmagomedov, mpiganaji wa UFC, akishusha uzito alikimbizwa hospitali Las Vegas na pambano lake na Tony Ferguson likafutwa. Mei 2022 Charles Oliveira, bingwa wa uzito mwepesi wa UFC, alizidi kwa nusu ratili, akavuliwa mkanda. Kesho yake akamkaba Justin Gaethje raundi ya kwanza, na mkanda ukabaki bila mwenyewe.

Mieleka ya vyuo vya Marekani, baada ya vijana watatu kufa mwishoni mwa 1997, iliweka kikomo cha asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Kwa mwenye kilo 80 ni kilo 1.2, hivyo kufika 70.3 kunahitaji zaidi ya wiki nane. Kocha anayepokea pambano lililobakiza wiki mbili afanye hesabu hiyo kabla ya kusaini, au ampandishe kijana daraja. Dawa za kukojoza zimepigwa marufuku na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 nayo hairuhusiwi, isipokuwa kwa matibabu halali hospitalini.

Ukiona mpiganaji yuko kwenye joto lakini hatoki jasho, anababaika katika maneno au mkojo wake umekuwa rangi ya chai, mtoe hapo, mpooze kwa maji baridi na mpeleke hospitali. Promota apigiwe simu mkiwa njiani.