Mgeni wa solo na okestra ya vijana: yanayosemwa na yalivyo

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kwa aliyelelewa na muziki wa dansi, mpiga solo ni yule wa gitaa la solo, anayechombeza huku rizimu na besi zikimbeba. Hapa namzungumzia ndugu yake wa mbali: mpiga fidla, piano, selo au tarumbeta, pengine mwimbaji, anayealikwa kusimama mbele ya okestra na kupiga koncheto, yaani utungo ulioandikwa ili ala moja izungumze na kundi zima. Okestra ikiwa ya vijana, maneno huwa mengi ukumbini. Niliyasikia zamani nikiwa nimekaa katika kundi la fidla za pili, na siku hizi nayasikia nikiwa kwenye viti vya wazazi.

"Kazi anaifanya mgeni, watoto wanamsindikiza tu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote nyingine, na kosa liko kwenye hilo "tu".

Mgeni sehemu yake anaijua kwa moyo. Ameshaipiga katika kumbi nyingi. Kijana wa stendi ya nyuma, yaani kishikio cha karatasi za noti ambacho wapigaji wawili hutumia pamoja, anaikuta kwa mara ya kwanza. Tena mgeni hatembei kwa mwendo mmoja. Hukawia juu ya noti inayompendeza, huteremka mbio, huvuta pumzi pale ambapo jana hakuvuta. Watu sitini wakawie naye, wateremke naye, bila kuambiwa. Simfoni, utungo wa okestra yenyewe bila mgeni, nayo ni ngumu, lakini humo kundi lina mwendo wake lenyewe. Kwenye koncheto linaufuata mwendo wa mtu mwingine, na kwa sehemu kubwa kwa sauti ya chini, ili ala moja isizamishwe. Muulize mwanafunzi yeyote wa fidla kama kupiga kwa sauti ya chini ni kupumzika. Ndiko kunakomuanika: upinde huanza kutetemeka kama mkono wa mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni.

Halafu kuna kadenza. Aliyezoea taarabu ataielewa upesi. Katika bashrafu hufika mahali ala zote zikatulia, udi au kanuni ikapiga taksimu peke yake, ikazunguka inakotaka, kisha ikarudi na kundi likaidaka. Kadenza ya koncheto ni jambo la namna hiyo. Katika koncheto za Mozart ishara ya kurudi ni trilo, noti mbili jirani zikipishana kwa kasi. Mwongozaji akiisikia huinua kijiti na sote tukaweka pinde juu ya nyuzi.

Siku moja mgeni wetu alitia trilo katikati ya kadenza, kama mzaha, kisha akaendelea na safari yake. Mimi na mwenzangu wa stendi hatukumtazama mwongozaji, tuliyaamini masikio yetu. Tukaingia. Fidla mbili, noti moja, sol, ukumbi mzima kimya. Mgeni hakugeuka. Aliiacha sol yetu ielee kidogo, akaidaka, akaijibu kwa mapambo juu yake, na hadhira ikadhani ndivyo ilivyoandikwa. Wakati wa mapumziko mama mmoja alitupongeza kwa "ile sehemu yenu ya wawili". Mwalimu wetu alikuwa amesimama karibu. Sitaki kukumbuka uso wake.

Na kama bado unashikilia neno "tu", sikiliza koncheto ya fidla ya Mendelssohn, ile iliyopigwa hadharani mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845. Yeye kadenza hakuiweka mwishoni kama ilivyokuwa desturi. Aliiweka katikati ya sehemu ya kwanza na akaiandika mwenyewe, noti kwa noti. Inapokwisha, mgeni hanyamazi. Anaendelea kurusha upinde juu ya nyuzi zote nne, huku wimbo mkuu ukichukuliwa na fluti, obo na fidla za kwanza kwa sauti ya chini sana. Kwa muda huo mgeni ndiye msindikizaji, na wimbo wenyewe uko mikononi mwa vijana.

"Wakubwa hawaji kwa watoto, wakija ni kwa hisani"

Tuangalie okestra moja ambayo habari zake ziko wazi. Mwaka 2013 Carnegie Hall ya New York ilianzisha okestra ya taifa ya vijana wa Marekani, wa miaka 16 hadi 19. Msimu wa kwanza kabisa mgeni wao alikuwa Joshua Bell, kwa koncheto ya fidla ya Tchaikovsky, na ziara ikawapeleka Washington, Moscow, St. Petersburg na London. Mwaka 2018 alikuja Jean-Yves Thibaudet na koncheto ya piano ya Gershwin. Mwaka 2019 aliimba Joyce DiDonato, nyimbo za Berlioz, kwa hiyo anayesema mgeni lazima awe wa piano au fidla naye amejibiwa. Mwaka 2022 ikawa Alisa Weilerstein na koncheto ya selo ya Elgar. Hawa hawakosi pa kupiga.

Suala la hisani linasahau hesabu ya muda. Okestra ya kulipwa mara nyingi hukutana na mgeni mazoezini mara moja au mbili, kisha jioni ni onyesho. Vijana hukaa na kazi hiyohiyo kwa majuma, wakigawanywa makundi makundi, kila kundi na mwalimu wake, wakirudia mistari minane hadi hata wanaopita nje waijue. Mgeni akifika anakuta watu wanaoijua sehemu yao na, mara nyingi, wameanza kuijua na yake. Pale atakapokawia, wapo wanaokawia naye kwa sababu wanauona mkono wake. Hilo haliji kwa hisani, na mgeni mwenye masikio hulitambua katika dakika kumi za kwanza.

Lawama yangu hapa ni kwa waandaaji. Ukitengeneza bango lenye uso wa mgeni kutoka juu hadi chini, na jina la okestra ukaliweka pale pembeni karibu na bei ya tiketi, usishangae mzazi akidhani mwanawe alikwenda kujaza viti.

"Mgeni hukaa nao wiki nzima akiwafundisha"

Wapo wachache wanaofanya hivyo. Kwa kawaida hufika siku mbili tatu kabla, koncheto ikiwa imeshapikwa. Kabla ya hapo vijana hufanya mazoezi na shimo katikati: mwongozaji ndiye anayeimba sehemu ya mgeni, kwa sauti ambayo ingemfukuzisha kwaya yoyote, au mwanafunzi mmoja anapewa sehemu hiyo aishikilie. Huyo mwanafunzi mtazame vizuri. Mgeni akishafika yeye hurudi kwenye kiti chake, na hakuna mtu ukumbini atakayejua alichokifanya.

"Mgeni ndiye bosi"

Swali la nani bosi liliwahi kuwekwa mezani hadharani. Tarehe 6 Aprili 1962, mjini New York, mwongozaji Leonard Bernstein aliigeukia hadhira kabla ya koncheto ya kwanza ya piano ya Brahms, akaeleza kwamba mwendo watakaousikia ni wa mgeni wake, mpiga piano Glenn Gould, na kwamba yeye hakubaliani nao. Aliuliza nani bosi, akajijibu kwamba mara ni huyu, mara ni yule, kutegemea waliopo. Kisha akaongoza kama Gould alivyotaka.

Kwenye okestra ya vijana mizani huegemea zaidi upande wa mwongozaji, na sababu yake si heshima, ni vidole. Mgeni anaweza kuutaka mwendo wa farasi. Fidla za pili zikiwa na watoto wa miaka 14 wanaokanyagana kwenye mistari ya kasi, mwongozaji atamwambia pembeni, na mgeni mwenye busara atapunguza. Anayekataa husikika akiwa mbele peke yake.

Wengine husema pia kwamba mgeni lazima apige bila karatasi: hiyo ni desturi iliyokolezwa na wapiga piano Liszt na Clara Schumann katika karne ya 19, haijawahi kuwa sheria. Sviatoslav Richter uzeeni alipiga noti zikiwa mbele yake, taa ndogo juu ya piano, na hakuna aliyemwambia hajui kazi.

"Mgeni lazima awe mtu mzima, tena wa kutoka mbali"

Mei 1844, London, aliyesimama kupiga koncheto ya fidla ya Beethoven alikuwa Joseph Joachim, mwenye miaka 12, na kijiti kikiwa mkononi mwa Mendelssohn huyohuyo. Mwaka 1927 Yehudi Menuhin alipiga utungo huohuo Carnegie Hall akiwa na miaka 11. Katika visa hivyo viwili waliosindikiza walikuwa watu wazima.

Wengine hutoka ndani ya kundi lenyewe. Okestra nyingi za vijana hushindanisha wanachama wao, na mshindi husimama mbele ya wenzake aliokaa nao mwaka mzima. Sheku Kanneh-Mason, mpiga selo wa Nottingham aliyezaliwa 1999 na kushinda shindano la BBC la wanamuziki vijana mwaka 2016, naye alipita kwenye okestra ya vijana ya Chineke! kabla okestra kubwa hazijaanza kumwita.

Kwetu Nairobi mfano una sura nyingine. Ghetto Classics, iliyoanza Korogocho mwaka 2008, karibu na jaa la Dandora, ilifaidika kwa miaka kadhaa na mapato ya tamasha la jazi la Safaricom, kwa hiyo wengi wa wageni waliohusishwa nayo ni watu wa jazi. Hao hawaji na kadenza iliyoandikwa. Kijana aliyezoea kuhesabu mistari ya mapumziko kwenye karatasi anajikuta mbele ya muziki ambao mgeni anautunga papo hapo, na kuhesabu peke yake hakumtoshi tena.

"Akishapiga chake, anaondoka"

Wengi huondoka, ndege haisubiri. Ila Yo-Yo Ma anajulikana kwa tabia moja: baada ya koncheto yake, mapumziko yakiisha, mara nyingi hurudi na selo na kwenda kukaa nyuma kwenye safu ya selo, apige simfoni pamoja na wengine. Na kanuni ya stendi haichagui jina. Wawili wakitumia karatasi moja ya noti, aliyekaa upande wa ndani, mbali na hadhira, ndiye anayegeuza kurasa.