Pofu wa Kolo Haelekezi Kwenye Hazina ya Mjerumani

Siku hizi malalamiko yanayotufikia sisi maofisa wa mambo ya kale kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa ni ya aina mbili. Kuna video za wageni wanaoimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, na kuna mashimo mapya chini ya majabali, ya wanaotafuta hazina ya Mjerumani. Tumeona tuyazungumzie yote pamoja, maana wamwagaji maji na wachimbaji wana kosa moja: hawamtazami mnyama aliyechorwa.

Mchukulie pofu, yule swala mkubwa. Ukimpa dakika tano, macho yakazoea kivuli, inajitokeza nundu ya begani, halafu ngozi inayoning'inia kooni, ndipo unajua huyu si swala mwingine. Aliyemchora kwa udongo mwekundu alimfahamu kwa kumwinda. Twiga na tembo wapo pia. Ya rangi nyeupe ni ya baadaye, ya wakulima, na mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu.

Sasa maji. Mwamba ukilowa rangi inakolea, kweli, kwa muda mfupi tu. Ukikauka, chumvi iliyokuwa ndani ya jiwe huja juu na kuganda kama ukungu mweupe, na kila chupa inayofuata huongeza utando. Kijana mmoja niliyemkuta na chupa mkononi aliniuliza, "Afisa, kwani mvua hainyeshi miaka yote hiyo?" Inanyesha, ndugu yangu, ila wachoraji walichagua majabali yaliyoinama, mvua isifike ukutani. Piga picha kukiwa kukavu, kisha tumia programu ya DStretch, iliyotengenezwa mahususi kukoleza rangi zilizofifia za miambani. Jiwe litabaki salama.

Kuhusu hazina. Tunaambiwa pembe za mnyama zinaonyesha upande ambako Mjerumani alifukia dhahabu. Tumelijibu hili mara nyingi, nasi tunalijibu tena: michoro hii ilikuwapo kabla Mjerumani hajaikanyaga nchi hii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, inahesabu mchoro wa mwambani kuwa kumbukumbu ya kihistoria iwapo ulifanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mwaka huo hapakuwa na utawala wa Kijerumani hapa wa kufukia chochote.

Sheria hiyohiyo inakataza kuchimba au kutafuta mambo ya kale bila leseni. Leseni haitolewi na mwenyekiti wa kijiji, wala mwenye shamba, wala mganga. Mtafiti huanza na kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndipo aombe leseni ya uchimbaji kwa mamlaka ya Mambo ya Kale. Kusafirisha kitu cha kale nje ya nchi kunahitaji kibali kingine, na kuwa na cha kwanza hakukupi cha pili. Anayekiuka anafikishwa mahakamani. Kusema "sikupata kitu" si utetezi, kwa kuwa kosa ni kuchimba.

Wazee wanaofanya matambiko kwenye pango la michoro la Mongomi wa Kolo hawahusiki na taarifa hii. Mazungumzo nao yana utaratibu wake.

Kwa wageni wengine: eneo hili liko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na mapango hayaendewi kienyeji. Pitia kwanza ofisi ya Kolo, kando ya barabara ya Dodoma–Babati, ulipie na upewe mwongozaji. Vumbi pia linaharibu, hivyo watoto wasikimbizane chini ya mwamba.

Ukiokota kigae, jiwe lililochongwa au mfupa, kiache kilipo na utoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au ofisini kwetu. Ukikuta shimo, vivyo hivyo. Na tafadhali, msilifukie kwa nia njema kabla hatujafika: kuta zake ndizo zinazotuonyesha tabaka zilizokatwa na kina walichofika.